Ufaransa 1993: pointi moja, mechi mbili, na hesabu ambayo mjomba hakuimaliza

Swali: Shikamoo mzee wa takwimu. Niko Morogoro. Kila tukitazama mechi za kufuzu za Ulaya, mjomba wangu hunirudishia hadithi ya Ufaransa ya mwaka 1993. Anasema walibakiza mechi mbili, zote kwao Paris, wakitakiwa pointi moja tu waende Kombe la Dunia Marekani, wakaikosa, na mwenye kosa ni mtu mmoja anaitwa Ginola. Mimi sikubali kwamba timu yenye Cantona, Papin na Deschamps inaweza kukosa pointi moja kwenye mechi mbili. Tumewekeana kreti ya soda. Tena nauliza, Israel ilifuata nini kwenye kundi la Ulaya? Na kama ushindi ungekuwa pointi tatu kama sasa, Ufaransa isingepita?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hiyo kreti iweke pembeni kwanza. Hadithi ya mjomba ni ya kweli kwa sehemu kubwa, ila ina matobo mawili, na moja ni la hesabu.

Kundi lenyewe lilikuwa la sita katika kanda ya Ulaya, kufuzu Kombe la Dunia la 1994. Lilikuwa na timu sita: Uswidi, Bulgaria, Ufaransa, Austria, Ufini na Israel. Kila timu ilicheza mechi kumi, tano nyumbani na tano ugenini. Ushindi ulilipa pointi mbili na sare moja. Wawili wa juu walipanda ndege ya Marekani, na wa tatu alibaki kwao, hakuna mechi ya mchujo wala nini. Hilo la mwisho usilisahau, kwa sababu nyinyi mmekulia enzi ambazo kubwa likiteleza bado linatafutiwa mlango mwingine. Mwaka ule Kombe la Dunia zima lilikuwa na timu 24. Ulaya ilipewa nafasi 13, moja ikiwa ya Ujerumani aliyekuwa bingwa mtetezi, na 12 zikagawanywa kwa makundi sita, mbili mbili. Kwa fainali za 2026 Ulaya ina nafasi 16, na aliyeshika nafasi ya pili kwenye kundi anaingia mchujo. Ufaransa ya 1993 ingekuwa na mchujo kama huo, huenda leo mjomba angekuwa hana hadithi.

Msimamo ulipofungwa ulisomeka hivi: Uswidi 15, Bulgaria 14, Ufaransa 13, Austria 8, Ufini 5, Israel 5. Tofauti ya aliyekwenda na aliyebaki ni pointi moja. Hapo mjomba yuko sahihi.

Tuanzie mwanzo, maana wasimuliaji wengi hurukia mwisho. Ufaransa ilitoka kwenye Euro ya 1992 kule Uswidi bila kushinda mechi hata moja, Michel Platini akaachia ngazi, na msaidizi wake Gérard Houllier akakabidhiwa timu. Ndiyo, Houllier yuleyule ambaye mashabiki wa Liverpool wa Dar na Nairobi wanamkumbuka kwa makombe matatu ya msimu wa 2001. Mechi yake ya kwanza ya kundi ilikuwa Sofia, tarehe 9 Septemba 1992. Bulgaria ikashinda 2-0, Hristo Stoichkov na Krasimir Balakov wakifunga. Tarehe hiyo iandike mahali, tutairudia.

Baada ya hapo Ufaransa ikakaa sawa. Iliipiga Austria 2-0, Ufini 2-1, Israel 4-0 hukohuko kwao, Austria tena 1-0 ugenini, halafu Aprili 1993 ikaifunga Uswidi 2-1 Paris, mabao yote mawili ya Cantona. Agosti ikatoka sare 1-1 ugenini kwa Uswidi. Ufaransa ilitangulia kupitia Franck Sauzée, Martin Dahlin akasawazisha dakika za mwisho. Septemba ikashinda Ufini 2-0. Kwa hiyo mechi nane, ushindi sita, sare moja, kipigo kimoja, pointi 13. Mabao 14 ya kufunga, matano ya kufungwa. Ukiitazama timu hiyo kwenye karatasi huoni pa kuingilia. Papin alikuwa ameshika Ballon d'Or ya 1991, Cantona alikuwa ametoka kuipa Manchester United ubingwa wa kwanza ndani ya miaka 26, nyuma kuna Laurent Blanc na Marcel Desailly, katikati Didier Deschamps.

Zikabaki mechi mbili, Israel tarehe 13 Oktoba na Bulgaria tarehe 17 Novemba, zote Parc des Princes.

Hapa ndipo lilipo tobo la kwanza. Mjomba anasema pointi moja kwenye mechi mbili ingetosha. Wafaransa nao walisema hivyohivyo, na magazeti yamerudia mpaka leo. Chukua kalamu tuhesabu. Kabla ya Oktoba 13 Uswidi ilikuwa na pointi 12 na Bulgaria 10, kila mmoja amecheza mechi nane. Bulgaria ilibakiza Austria nyumbani na Ufaransa ugenini, yaani ikishinda zote inafika 14. Ufaransa yenye 13 ikiokota pointi moja nayo inafika 14. Wamelingana. Kanuni ya kuwatenganisha ilikuwa tofauti ya mabao, na baada ya hapo wingi wa mabao ya kufunga. (Kundi la tatu lilimalizika hivyohivyo: Ireland na Denmark walilingana pointi 18, wakalingana tofauti ya mabao +13, Ireland ikaenda kwa kuwa ilifunga 19 na Denmark 15. Denmark, bingwa wa Ulaya, ilifungwa mabao mawili tu katika mechi 12 na bado ikabaki nyumbani.)

Sasa twende na matokeo yaliyotokea kweli, tubadilishe moja tu. Chukulia Ufaransa imetoka sare 2-2 na Israel, kisha mambo mengine yote yakawa vilevile: Bulgaria inaipiga Austria 4-1 kama ilivyofanya, halafu inashinda Paris 2-1 kama ilivyofanya. Ufaransa inamaliza na pointi 14, mabao 17 ya kufunga na 9 ya kufungwa, tofauti +8. Bulgaria inamaliza na pointi 14, mabao 19 kwa 10, tofauti +9.

Bulgaria inakwenda Marekani, Ufaransa inabaki. Na ukisema tutumie matokeo ya wao kwa wao, kama wanavyofanya kwenye kufuzu Euro, ni palepale: Bulgaria iliifunga Ufaransa nyumbani na ugenini.

Kwa hiyo ile kauli ya pointi moja ilikuwa karibu ya kweli, si ya kweli kamili. Oktoba, Ufaransa ilikuwa na +9 na Bulgaria +5, na watu wakaona pengo hilo haliwezi kuzibwa. Lilizibwa ndani ya mechi mbili. Pointi moja ilikuja kuwa tiketi isiyo na mjadala usiku wa Novemba tu, dhidi ya Bulgaria mwenyewe, kwa sababu sare ingeiacha Bulgaria na 13. Timu inayoambiwa "moja inatosha" wakati ukweli ni kwamba inahitaji ushindi mmoja au sare na mtu fulani hasa, hiyo imepewa ramani yenye kosa.

Sasa Israel. Umeuliza ilifuata nini Ulaya. Kijiografia ni Asia, na kwa miaka mingi ilicheza huko. Iliwahi kuwa bingwa wa Asia mwaka 1964. Lakini nchi nyingi za kanda zilikuwa zikigoma kucheza nayo kwa sababu za kisiasa, na mwaka 1974 shirikisho la Asia likaitoa. Baada ya hapo ikawa kama mpangaji asiye na chumba. Kufuzu 1982 ilipangwa Ulaya, kufuzu 1986 na 1990 ikapelekwa Oceania, kwa akina Australia na New Zealand. Kwa 1994 ikarudishwa Ulaya, na mwaka huohuo wa 1994 ikawa mwanachama kamili wa UEFA. Jibu fupi ndilo hilo: haikwenda Ulaya kwa kupenda tu, ilikuwa imekosa pa kuchezea.

Na ilivyoanza kundi, ungesema imekuja kugawa pointi. Mechi saba za mwanzo, sare mbili na vipigo vitano. Ilikuwa imefunga mabao matano na kufungwa 21. Uswidi iliipiga 5-0, Austria 5-2, Ufaransa yenyewe 4-0. Ila angalia moja ya zile sare mbili: 2-2 Sofia, Mei 1993. Israel ilikuwa imemnyang'anya Bulgaria pointi nyumbani kwake. Mtu wa takwimu angelitazama hilo mara mbili. Timu ya kocha Shlomo Scharf haikuwa mbovu kama msimamo ulivyosema, na ndani yake kulikuwa na kijana anaitwa Eyal Berkovic ambaye baadaye alikuja kucheza Southampton na West Ham.

Oktoba 13, Ronen Harazi akatangulia kufunga dakika ya 21. Paris ikashtuka kidogo tu. Sauzée akasawazisha dakika ya 29, David Ginola akafunga la pili dakika ya 39, shuti zuri sana. Ndiyo, Ginola huyohuyo wa mjomba. Muda huo, Ufaransa ikiongoza 2-1, ilikuwa imeshafuzu. Ikakaa imefuzu kwa dakika 44 hivi. Dakika ya 83 Berkovic akasawazisha. Hata hapo walikuwa na ile pointi yao moja. Dakika tatu ndani ya muda wa nyongeza, Reuven Atar akamalizia krosi, 3-2. Ndio ushindi pekee Israel iliopata kwenye kundi zima.

Mwezi ule ulikuwa mzito hata kwetu. Siku tatu kabla, Oktoba 10, Zambia ilikwenda Casablanca ikihitaji sare tu na Morocco ili iende Kombe la Dunia. Ilikuwa ni timu mpya kabisa, iliyojengwa miezi michache baada ya ndege kuanguka baharini Gabon tarehe 27 Aprili na kuua karibu kikosi chote, akabaki Kalusha Bwalya na wenzake wachache waliokuwa Ulaya. Ikafungwa 1-0. Sisi tuliokuwa tunafuatilia kwa redio tulikuwa bado tunaiwazia Zambia, ya Ufaransa tukayasikia kama habari ya mbali. Na tofauti ni kubwa: Zambia ilikufa ikipigana ugenini, Ufaransa ililala nyumbani kwake.

Jioni ileile ya Oktoba 13 Uswidi iliifunga Ufini 3-2, ikafika 14 na kufuzu, kwa sababu Ufaransa na Bulgaria walikuwa bado hawajakutana mara ya pili na wasingeweza wote wawili kumpita. Bulgaria ikaipiga Austria 4-1, ikafika 12. Ikabaki Ufaransa 13, Bulgaria 12, na mechi moja ya kukutana wenyewe. Kwa Ufaransa sare inatosha, kwa Bulgaria ni ushindi au basi.

Kuhusu Novemba 17 kuna kisa ambacho wachezaji wa Bulgaria wenyewe wamekisimulia mara nyingi. Emil Kostadinov aliyekuwa Porto na Luboslav Penev aliyekuwa Valencia hawakuwa na viza ya kuingia Ufaransa. Wenzao wawili, kipa Borislav Mihaylov na kiungo Georgi Georgiev, walikuwa wakichezea Mulhouse, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani, na walikijua kivuko ambacho askari hawakagui sana. Wakawavusha kwa gari. Kwa hiyo aliyeing'oa Ufaransa aliingia Ufaransa kwa njia ya panya. Sisi tunaoishi karibu na mipaka tunaielewa vizuri habari ya namna hiyo.

Mechi yenyewe Ufaransa ilianza vizuri. Dakika ya 32 Papin akaurudisha mpira kwa kichwa, Cantona akaupiga kabla haujatua, 1-0. Dakika tano baadaye kona ya Balakov, Kostadinov akachomoka akapiga kichwa, 1-1. Baada ya hapo ikawa mechi ya kusubiri saa. Ufaransa haikutaka kushambulia sana wala haikujua kulinda. Nimeirudia kuitazama mara nyingi, na linaloniudhi ni hilo: timu yenye washambuliaji wale inacheza kipindi kizima cha pili kama mtu aliyebeba mayai sokoni.

Ginola alitokea benchi kuchukua nafasi ya Papin. Siku za kabla ya mechi alikuwa amelalamika hadharani kwamba kocha anawapendelea Papin na Cantona. Uwanja ulikuwa wa klabu yake, PSG, mashabiki wake walewale. Kwa hiyo ugomvi ulikuwepo kabla ya kosa, na hili linasaidia kueleza kwa nini kosa lilipotokea lilibandikwa jina haraka.

Sekunde chache kabla ya dakika 90, Ufaransa ikapata mpira wa adhabu karibu na kibendera cha kona upande wa Bulgaria. Hapo hata mtoto wa chandimu anajua: unaukalia mpira pale pembeni, unamgeuzia beki mgongo, akikupiga unapata adhabu nyingine, saa inakwenda. Mpira ukachezwa mfupi ukamfikia Ginola, naye akapiga krosi. Ikampita Cantona juu, ikavuka eneo lote, Bulgaria wakaupata upande wa pili. Pasi chache, mpira kwa Penev, Penev akaudokoa juu ya mabeki, Kostadinov akaukimbilia kulia, beki akajitupa akachelewa, na kutoka kwenye pembe finyu Kostadinov akapiga shuti lililogonga mtambaa panya kwa ndani na kuingia. Bernard Lama, kipa, hakuwa na la kufanya. Mwamuzi Leslie Mottram wa Scotland hakuwa na muda mwingi uliobaki wa kuwapa.

Baada ya mechi Houllier akamtaja Ginola kwa maneno makali, akilifananisha tendo lake na jinai dhidi ya timu. Ugomvi huo haukuisha. Miaka mingi baadaye, Houllier aliporudia kumshambulia kwenye kitabu, Ginola alimpeleka mahakamani, akashindwa kesi. Houllier alifariki Desemba 2020, na hata siku hiyo watu walimkumbuka Ginola.

Na hili ndilo tobo la pili la mjomba. Krosi ilikuwa ya kijinga, sitaitetea. Lakini hesabu kitu kimoja kimoja. Kutoka krosi ile mpaka nyavuni, mpira ulivuka uwanja mzima. Wafaransa kumi na mmoja walikuwa uwanjani wakijua sare inatosha na dakika imekwisha, na bado Penev alipata nafasi ya kuinua kichwa na kupiga pasi. Kostadinov alikuwa peke yake anakimbia. Bao la kwanza lilitokana na kona, mtu hakukabwa. Mwezi mmoja kabla, timu hiyohiyo ilikuwa inaongoza 2-1 mpaka dakika ya 83 dhidi ya timu isiyo na ushindi, na bao la pili la kuongoza lilifungwa na Ginola. Kwenye dakika 180 za Paris, Ufaransa ilikuwa ndani ya Kombe la Dunia kwa dakika nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa nje. Ilitolewa na mabao mawili, moja dakika ya 93 na moja dakika ya 90. Kama unataka mtu wa kumlaumu, mimi ningeanzia kwa aliyekuwa kwenye benchi mechi zote mbili, aliyeona timu ikirudi nyuma mara ya kwanza na akaiacha irudi nyuma mara ya pili.

Kuhusu pointi tatu, swali lako ni zuri na jibu lake ni fupi. Kombe la Dunia lilianza kutumia pointi tatu kwenye fainali zenyewe za 1994. Kwenye kufuzu bado zilikuwa mbili. Tukizitia kwenye kundi hili: Uswidi ilishinda sita, sare tatu, pointi 21. Bulgaria ilishinda sita, sare mbili, 20. Ufaransa ilishinda sita, sare moja, 19. Umeona? Wote watatu walishinda mechi sawa. Kilichowatofautisha ni sare, na Ufaransa ilikuwa na chache kuliko wote. Ilijua kushinda na ilijua kufungwa, katikati hapo haikujua kukaa. Pointi tatu zingebadilisha kitu kimoja tu, mkiani: Ufini ingekuwa na 7 na Israel 6, badala ya kulingana.

Austria na Ufini sitazisemea sana. Austria ilimpoteza kocha wake Ernst Happel, aliyefariki Novemba 1992 katikati ya kampeni. Uwanja mkubwa wa Vienna unaitwa kwa jina lake hadi sasa. Ufini ilikuwa na Jari Litmanen, aliyekuwa akiibukia Ajax, na haikuwa na kingine kikubwa.

Usiku ule wa Novemba 17 haukuiumiza Ufaransa peke yake. England iliifunga San Marino 7-1 mjini Bologna na bado ikabaki nje, baada ya kufungwa bao na Davide Gualtieri hata sekunde kumi hazijatimia. Uholanzi ilikuwa imeshinda Poland. Wales ilikosa penalti, Paul Bodin akigonga mwamba, Romania ikapita. Ile Denmark niliyokutajia ilifungwa 1-0 na Hispania Sevilla, na Hispania ilikuwa pungufu tangu mapema baada ya kipa Zubizarreta kuonyeshwa kadi nyekundu. Yote jioni moja. Sijaona jioni nyingine ya kufuzu Ulaya iliyofanana na ile.

Halafu kuna jambo ambalo wanaolia na Ufaransa hulisahau: waliopita hawakuwa vibonde. Bulgaria ilikuwa imecheza Kombe la Dunia mara tano kabla ya hapo, mechi 16, bila kushinda hata moja. Marekani ikaanza kwa kupigwa 3-0 na Nigeria, ile mechi ya Rashidi Yekini kuingia nyavuni na kuzishika akilia. Watu wakasema ndio walewale. Kisha ikaifunga Ugiriki 4-0, Argentina 2-0, ikaitoa Mexico kwa penalti, na robo fainali ikamtoa bingwa mtetezi Ujerumani 2-1, Stoichkov kwa mpira wa adhabu na Yordan Letchkov kwa kichwa. Italia ikaisimamisha nusu fainali. Stoichkov akamaliza na mabao sita, sawa na Oleg Salenko wa Urusi. Uswidi nayo, chini ya Tommy Svensson, ikiwa na Dahlin, Brolin na Kennet Andersson, ilifika nusu fainali ikatolewa na Brazil 1-0. Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu ikawa Uswidi na Bulgaria, Pasadena, Uswidi ikashinda 4-0. Yaani wa tatu na wa nne wa dunia walitoka kundi moja la kufuzu, kundi hilihili ambalo watu wanasema Ufaransa ililipoteza kwa krosi ya mtu mmoja. Lilikuwa kundi gumu, ila ugumu wake ulionekana baadaye.

Ufaransa ikampa timu Aimé Jacquet, aliyekuwa msaidizi wa Houllier. Miaka minne na nusu baadaye wakachukua Kombe la Dunia kwao, wakiwa na Deschamps, Desailly, Blanc na Emmanuel Petit, wote wanne walikuwa uwanjani usiku wa Kostadinov. Cantona, Papin na Ginola hawakuwemo.

Sasa kreti yenu. Mjomba anapata nusu: Ufaransa ilibakiza mechi mbili nyumbani, ikakosa hata pointi moja, na hilo wewe ulikataa. Wewe unapata nusu: Ginola hakuwa peke yake, na hata ile "pointi moja" haikuwa salama kama inavyosimuliwa. Changieni. Akibisha, mpe karatasi na kalamu, na usimwanzishie Paris. Mwanzishie Sofia, tarehe 9 Septemba 1992, Bulgaria 2 Ufaransa 0, ajumlishe mwenyewe mpaka mwisho.